Kumwigiza mhudumu wa vyumba: niliyowaambia vijana wa tamthilia kwenye chumba namba 9

Masika yaliyopita, wakati wageni hakuna na makuti yanavuja, vijana wa tamthilia walikodi chumba namba 9 kwa siku mbili. Hoteli yetu iko ufukweni hapa Bagamoyo, na wawili kati ya vijana wale wamesoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapahapa, kwa hiyo mji wanaujua. Niliambiwa nikae karibu nihakikishe hawavunji kitu. Nikavuta kiti cha plastiki barazani, nikatazama.

Akaingia binti anayeigiza mhudumu wa vyumba. Kavaa gauni jeusi fupi, aproni nyeupe yenye marinda, viatu vya kisigino. Mkononi kashika kile kifagio cha manyoya ambacho mimi sijawahi kukiona katika stoo ya hoteli yoyote. Akafuta meza moja, mahali pamoja, muda wote mgeni anaongea na simu habari za urithi na sumu. Mgeni alipomaliza kutoa siri zake, binti akatoka zake. Kitanda kimevurugika vilevile. Chooni hakugusa. Nikacheka hadi mwongozaji akakata, maana kicheko changu kilikuwa kimeingia kwenye kinasa sauti.

"Mama Zai, kwani tumekosea wapi?"

Nimefanya kazi hii miaka 19. Miaka 12 nilisafisha vyumba kwa mikono yangu, na 7 hii nawasimamia wenzangu. Tamthilia naziangalia kila jioni, za kwetu na zile za Kituruki na Kihindi zilizotiwa Kiswahili, na mhudumu wa hoteli ndani yake huwa ana kazi tatu tu: kusikiliza, kuiba, au kupendwa na tajiri. Kusafisha ndiko hasafishi. Basi niliyowaeleza vijana wale nayaandika hapa, kwa yeyote anayeandika au kuigiza watu wa kazi yangu.

Mpeni karatasi kabla ya kumpa siri

Mhudumu wa kwenye televisheni hana haraka. Wa kweli anaanza siku na karatasi: namba za vyumba, na mbele ya kila namba imeandikwa mgeni anaondoka, anabaki, au chumba kitupu. Kwetu chumba cha mgeni anayebaki ni dakika 20. Cha aliyeondoka ni dakika 40, kwa sababu mashuka yote yanatoka, droo zote zinafunguliwa, na chini ya kitanda panaangaliwa kwa magoti.

Sasa pigeni hesabu. Wageni wanatoka saa nne asubuhi, wapya wanaingia saa nane mchana. Hapo katikati kuna dakika 240. Siku ambayo mhudumu mmoja amepangiwa vyumba 7 vya walioondoka, 7 mara 40 ni 280. Zile dakika 40 zilizopungua ndizo tamthilia yenu. Atazitoa wapi? Ataruka chakula? Atafuta sinki bila kusugua? Atamwomba mwenzake ambaye jana alimnyima msaada? Na mgeni wa chumba namba 4, ambaye alitakiwa awe ametoka, bado anaoga.

Niliwaambia waandike hivi:

"Wa namba 4 katoka?"
"Anaoga."
"Anaoga tangu saa tatu?"
"Kaniambia nimpe dakika tano."
"Hizo dakika tano za kwake au za kwetu?"

Hakuna aliyelia, hakuna aliyepigwa kofi, lakini mtu yeyote aliyewahi kusukuma troli atasogea karibu na televisheni.

Asitegeshe sikio, asome chumba

Kile kisa cha kusikiliza simu hakina haja. Kwanza mgeni mwenye akili haongei habari za sumu mbele ya mtu. Pili, mhudumu hahitaji maneno yenu. Anaijua habari kabla hajafungua dirisha.

Mume na mke wamekuja fungate, lakini mto mmoja na shuka la juu viko kwenye kochi, na shuka la kitandani limekunjamana upande mmoja tu. Mgeni kaandikishwa peke yake, glasi zimetumika mbili, na moja ina alama ya rangi ya mdomo. Pakiti za dawa zimefichwa chini kabisa ya kapu la taka, zimefunikwa karatasi za chooni. Mzee aliyekuwa akiacha bakshishi kila asubuhi, leo kaacha sarafu tu, na begi lake limeshafungwa siku mbili kabla ya kuondoka. Haya yote mhudumu anayaona huku mikono inafanya kazi, na anayanyamazia. Kamera ifuate macho yake kutoka kitandani hadi kwenye kapu la taka. Mtazamaji atakuwa ameelewa, na binti hajatamka neno.

Tena kunyamaza kwenyewe kuna uzito. Ninayo mambo ya vyumba vya watu ambayo nitazikwa nayo.

Mikono ifuate utaratibu

Hapa nilitumia muda mrefu zaidi na yule binti, na nakushauri, wewe unayeigiza, utandike vitanda vitatu halisi kabla ya siku ya kupiga picha. Mtazamaji anaweza asijue kosa ni lipi, ila mwili wake unajua kwamba huyu hajawahi kuinua godoro.

Unabisha hodi mara tatu, kwa vifundo vya vidole, si kwa funguo. Unajitaja: "Hodi, usafi!" Unangoja. Unabisha tena. Ndipo unafungua kidogo, unasema tena hodi kwenye ufa wa mlango, ndipo unaingia. Kwenye tamthilia mhudumu anajitoma tu, anamkuta bosi na hawara. Hiyo kwetu ni barua ya onyo.

Ukiingia, mlango unabaki wazi na troli linakaa mlangoni. Mapazia, madirisha. Taka zinatoka kwanza. Kisha unakwenda bafuni kumwaga dawa ya choo na kuiacha ikae, halafu unarudi kitandani. Hii ndiyo siri ya kazi: dawa inafanya kazi wakati wewe unatandika. Anayesafisha bafu lote kwanza, kisha ndiyo anageukia kitanda, ni mgeni wa kazi hii, na wenzake watamwona hivyo.

Mashuka hayakung'utwi ndani. Hapa pwani kila shuka lina mchanga, na miezi ya kusi upepo unauleta mpaka ndani ya foronya. Unakunja shuka kuelekea katikati, pembe nne, mchanga unabaki tumboni mwake kama ndizi ndani ya chapati, unalitoa nje na kulikung'uta upande upepo unakoelekea. Binti yule alilikung'uta mbele ya kamera kwa mbwembwe, likapepea vizuri kweli, na mchanga wote ukarudi kwenye godoro. Tukaanza upya.

Kutandika: usitembee kuzunguka kitanda mara sita. Maliza upande mmoja, kichwani hadi miguuni, kunja pembe kama bahasha, kisha nenda upande wa pili. Godoro unaliinua kwa magoti yaliyokunjwa, kiganja kikiwa chini. Wengi wetu tulijifunza hili baada ya kiuno kuharibika. Chandarua unakisokota na kukifunga fundo juu, hakiburuti. Halafu vumbi, ukianzia mlangoni na kuzunguka upande mmoja mpaka urudi mlangoni, juu kwenda chini. Vioo vya pwani vina ukungu wa chumvi, kitambaa kikavu kinausambaza tu. Anza na cha maji. Bafuni, tambara la choo halikutani na la sinki, kila moja lina rangi yake. Deki ni ya mwisho, ukirudi nyuma kinyumenyume hadi nje. Ukimwona mtu wa tamthilia anapiga deki akielekea ndani ya chumba, jiulize atatokaje.

Jambo moja la hatari. Vijana wale walitaka povu bafuni lionekane kwenye kamera, mmoja akashika jiki na dawa ya choo avimwage pamoja. Nilipiga kelele. Jiki ikichanganyika na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, na bafu lenye kidirisha kimoja si mahali pa kuivuta. Mkitaka povu, tieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Mavazi, na nani amwamkie nani

Lile gauni jeusi na aproni ya marinda ni vazi la vijakazi wa majumba ya kitajiri ya Ulaya ya zamani. Limeingia kwenye filamu likaganda. Kwetu ni shati la kitenge au la kaki, suruali au sketi pana, na wengi wa dada zetu wanavaa mtandio uliobanwa vizuri usidondokee sinki. Viatu ni raba au kandambili zisizoteleza. Mfukoni kuna kalamu, kitambaa, na pipi. Na si wanawake peke yao: katika timu yangu ya watu 7, wanaume ni 4. Sijawahi kuona tamthilia inayomwonyesha mwanamume anatandika kitanda bila kufanya kichekesho.

Lafudhi pia. Kwa nini mhudumu lazima aongee Kiswahili cha kuvunjika na kuitwa jina la kuchekesha? Dada mmoja hapa kwetu anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko wageni wote, na Kijerumani cha kumtosha kumwelekeza mtu hadi magofu ya Kaole.

Lililo tamu zaidi ni salamu. Mimi nina miaka 51. Mgeni anayefungua mlango ana miaka 25. Kwa adabu ya kwetu yeye ndiye aniamkie, lakini yeye ni mgeni na mimi nina ndoo. Basi nasema "Habari za asubuhi", neno lisilo juu wala chini, na hapo namwona alivyolelewa. Wapo wanaonipita kama pazia. Wapo wanaosema "Shikamoo mama" wakiwa na taulo kiunoni, nami naitikia marahaba nikitazama dari. Tamthilia zenu zinamfanya mama mtu mzima ampe shikamoo kijana mwenye hela. Mkiandika hivyo muwe mmekusudia kitu, maana pwani hiyo ni kofi.

Pete ikipotea

Kila mwandishi anaandika kisa cha wizi, basi angalau kiandikeni kama kinavyotokea.

Kwenye televisheni: mgeni anapiga yowe, meneja anakuja mbio, begi la mhudumu linamwagwa, pete inaanguka. Au haianguki, na baadaye inagundulika aliificha mke mwenza. Vyovyote vile, dakika tano.

Yaliyonipata, nilipokuwa bado nasafisha, katika hoteli nyingine ambayo sitaitaja. Mama mgeni alikosa pete ya dhahabu. Hakupiga yowe. Alikwenda mapokezi akasema kwa sauti ya chini, tena kwa upole, kwamba hamshuku mtu. Ile "hamshuku mtu" ndiyo inayotisha. Msimamizi akachukua daftari la funguo, akaona nani alisaini masta, ule ufunguo wa vyumba vyote, asubuhi. Tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja mgeni wa kazi. Mifuko ikapekuliwa kwenye stoo ya mashuka, viatu tukavua. Hatukutukanwa. Mpekuzi alikuwa mtu tuliyekula naye ugali kila mchana, na alikuwa akisema "samahani" kila anapofungua zipu.

Mimi nilikuwa na mkataba. Kijana alikuwa deiwaka, mtu wa kuitwa kwa siku, akaambiwa akae nyumbani hadi ieleweke. Siku nne. Siku ya tano mwoshaji wa dobini alisafisha kichujio cha mashine ya kufulia, akaikuta pete imenasa na uzi wa taulo. Mwenyewe aliivua akaiweka juu ya taulo, taulo likaenda kufuliwa. Ndiyo maana mtu mwenye uzoefu kitu kikipotea anakimbilia dobini kabla ya kupekua watu. Andikeni hivyo: msimamizi mzuri na msimamizi mbaya wanatofautiana kwa mlango wanaoukimbilia kwanza.

Mgeni akapelekewa pete yake. Kijana akaitwa kazini kesho yake, kama vile alikuwa anaumwa. Zile siku nne hakulipwa, na pole hakupewa. Mtaani kwao Magomeni walishajua kwamba "karudishwa nyumbani kwa sababu ya dhahabu", na habari kama hiyo ikitoka haina kichujio cha kuinasa.

Kamera za tamthilia zinabaki na mama na pete. Mimi ningemfuata kijana nyumbani. Siku ya kwanza anamdanganya mama yake kwamba ana mapumziko. Siku ya tatu mama anaambiwa na jirani sokoni. Mnavyo vipindi vitatu hapo na hamjatumia hata bastola moja.

Si kwetu tu. Mpwa wangu alinionyesha ile ya Kimarekani ya 2021, *The White Lotus*, ya hoteli ya kifahari Hawaii. Kipindi cha kwanza kabisa kuna dada, siku yake ya kwanza kazini, kaficha mimba kwa kuhitaji kazi, uchungu unamshika, anajifungulia ofisini kwa meneja. Nikakaa sawa nikasema hii sasa ni hadithi. Baada ya hapo hadithi ikarudi kwa wageni na ndoa zao. Pengine mtungaji alikusudia tuone jinsi mfanyakazi anavyosahauliwa. Lakini mimi nilimngoja yule dada hadi mwisho.

Mlango ukifungwa

Kisa cha mgeni kumvamia mhudumu kipo, na msikitumie kama kiungo cha mchuzi. Mei 2011 mhudumu wa vyumba mzaliwa wa Guinea katika hoteli moja ya New York alisema ameshambuliwa chumbani na mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa wakati ule. Mashitaka ya jinai yalifutwa Agosti mwaka huohuo, ya madai yakamalizwa kwa mapatano 2012. Septemba 2011, kesi ya madai ikiwa bado moto, tamthilia ya polisi ya Kimarekani *Law & Order: SVU* wakafungua msimu mpya kwa kisa cha kufanana nayo. Kilichofuata kwa wafanyakazi wenyewe ni kitu kidogo kisicho na muziki wa kutisha: mkataba wa chama chao wa 2012 huko New York uliweka vitufe vya kuitia msaada, mhudumu atembee nacho.

Sisi kitufe chetu ni troli mlangoni na mlango ulio wazi. Ukiandika kisa hiki, andika mkono wa mgeni unaolisogeza troli nje, taratibu, huku anaongea habari za hali ya hewa. Kila mhudumu anayeangalia atasimama. Kisha andika anavyotoka, maana tunatoka: "Samahani, nimesahau taulo," na harudi peke yake, anarudi na kaka wa bustani. Chumba kile kuanzia hapo kinaingiwa wawili wawili, na mapokezi hawaelewi kwa nini kinachelewa.

"Umefukuzwa kazi!"

Hili nalipita haraka. Meneja wa tamthilia anamfukuza mtu kwenye korido kwa kidole. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu na utaratibu, na anayeona kaachishwa isivyo halali ana siku 30 kulipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mjamzito ana likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wiki ya kazi ya kawaida haizidi saa 45. Hayo mhusika wako anaweza kuyajua, na mwenzake deiwaka akamjibu, "Nikidai hizo siku 30, kesho nani ataniita?" Mabishano ya wawili hao kwenye kibaraza cha nyuma, wakila mihogo, yana moto kuliko kidole cha meneja.

Siku ya kupiga picha

Ombeni chumba msimu wa masika, ni rahisi na hamtamkera mtu. Pigeni picha ya kitanda asubuhi, kabla mwanga wa baharini haujawa mweupe na kufuta mikunjo yote ya shuka. Sauti ya magurudumu ya troli kwenye sakafu ya saruji irekodini peke yake, ndiyo wimbo wa kazi hii. Mikono ya mwigizaji msiipake losheni: yetu imekauka kwenye vifundo, imechanika kando ya kucha.

Mkirudia tukio mara saba, kitanda kinatandikwa mara saba. Siku ya kwanza tuliwatandikia sisi. Siku ya pili nikamwambia binti atandike mwenyewe, na mara ya tano hivi alianza kuinua godoro bila kufikiri, jasho likamtoka kweli, akakunja pembe huku anamjibu mwenzake bila kutazama mikono. Mwongozaji akataka kukata kwa sababu alikosea neno moja. Nikamshika bega.

Na mkimaliza, vueni mashuka wenyewe. Yenye mchanga yakae kando na yenye vipodozi, hayo ya vipodozi yanataka kulowekwa. Kabla hamjayapeleka dobini, kung'uteni kila taulo.